Jibu kwa mwalimu wa Singida: Kamaraj alikuwa nani, na ule wali wa shule alilipa nani

Mwalimu wangu, swali lako nimelisoma mara mbili maana limenigusa. Kwa wasomaji wengine ambao hawakuliona, mwalimu anasema shuleni kwao wazazi wanabishana kila muhula kuhusu mchango wa mahindi na maharage ya chakula cha mchana, sasa kwenye kikao mzee mmoja akasimama akasema India kulikuwa na kiongozi wa jimbo alishalimaliza hilo tatizo zamani sana, jamaa mwenyewe shule aliiacha mtoto, akaja kuwachagua mawaziri wakuu wawili wa India, na mwisho akapigwa chini na mwanafunzi kwenye uchaguzi, tena mjini kwao alikozaliwa. Mwalimu anauliza ni kweli au ni stori za kijiweni, na kama ni kweli, ile hela ya chakula ilitoka wapi.

Ni kweli, mzee wenu hakuwadanganya. Anaitwa K. Kamaraj, aliongoza jimbo la Madras, ambalo leo linaitwa Tamil Nadu, kule kusini kabisa mwa India wanakoongea Kitamil. Cheo chake kilikuwa waziri kiongozi, kama kile cheo walichokuwa nacho Zanzibar miaka ya nyuma, yaani bosi wa serikali ya jimbo, sio wa nchi nzima. Alikaa kwenye kiti hicho tangu Aprili 1954 mpaka Oktoba 1963. Hela ya chakula nitaifikia, ila bila kumjua alikotoka hutaelewa kwa nini alikomaa nayo vile.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1903 kwenye mji mdogo wa biashara unaitwa Virudhunagar, kwenye jamii ya Nadar. Sisi tuliokulia pwani tuna neno la kazi yao kabisa, wagema. Nadar wengi tangu enzi na enzi walikuwa wanapanda mivumo, wanagema, wanapika sukari guru na kuuza tembo, na kwa utaratibu wa matabaka ya kule kazi ya babu yako ndo ilikuwa inakupangia usimame wapi, uingie wapi, upite njia gani. Mgema haingii hekaluni. Jirani pale, kwenye ufalme wa Travancore, wanawake wa jamii hiyo walikatazwa kufunika kifua mbele ya watu wa tabaka la juu, wakapigania haki hiyo miaka na miaka mpaka mfalme akatoa tangazo mwaka 1859. Na pale Sivakasi, mji ambao sio mbali na Virudhunagar, mwaka 1899 nyumba za Nadar zilichomwa moto na watu wakafa kwa sababu tu walidai kuingia hekaluni. Kamaraj kazaliwa miaka 4 baada ya hapo, kwa hiyo hizo habari alizisikia nyumbani kutoka kwa watu walioziona kwa macho.

Sasa sikiliza hiki mwalimu, maana nitakirudia mwisho. Nadar wa Virudhunagar walikuwa wameshaanza kutoka kwenye ugema wakaingia kwenye biashara, wakaona kama shule za wengine hazituheshimu basi tujenge ya kwetu. Hela hawana. Wakakubaliana kila nyumba, kila siku, mama akitaka kupika wali anachota kiganja kimoja cha mchele anakiweka pembeni, alafu wanapita watu kukusanya, unauzwa, hela inaenda shule. Shule ikasimama kwa mchele wa kiganja, na ndo hiyo aliyosoma Kamaraj. Mtoto aliyesomeshwa na viganja vya mchele vya akina mama wa mtaani, ukija kumkuta mzee wa miaka 53 anawaambia wanavijiji wachangie chakula cha shule usimshangae, kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Ila hakukaa sana darasani. Baba yake alifariki yeye bado mdogo mno, mama yake Sivakami akahangaika, na alipofika kwenye miaka kama 12 akaacha shule akaenda kusaidia dukani kwa mjomba wake, duka la vitambaa. Pale dukani ndo akaanza kusoma magazeti na kuhudhuria mikutano. Mwaka 1919 jeshi la Waingereza lilipowamiminia risasi watu waliokusanyika kule Amritsar, kijana akajiunga na chama cha Congress, kile kilichokuwa kinapigania uhuru wa India, moja kwa moja na hakuwahi kugeuka nyuma, hakuoa, hakujenga, hakufungua biashara.

Miaka ya jela sitakaa nayo sana. Alifungwa mara 6, mara ya kwanza kwa maandamano ya chumvi ya 1930, yale ya Gandhi ya kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza, na ukijumlisha siku zote zinapita 3,000, piga hesabu ni zaidi ya miaka 8 ya maisha ya mtu. Kimoja tu nikutajie maana kinaonyesha tabia yake. Mwaka 1941 akiwa ndani, watu wa Virudhunagar walimchagua awe mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Alipotoka akaenda kwenye kikao, akashukuru, akajiuzulu pale pale, akisema mtu asishike kazi ambayo hawezi kuitendea haki, na yeye kazi yake ilikuwa ya chama.

Na chama ndo ilikuwa shule yake ya pili. Mwalimu wake wa siasa alikuwa Satyamurti, Mbrahmani, yaani mtu wa tabaka la juu kabisa, msomi, mzungumzaji hatari. Mwaka 1936 Satyamurti akawa mwenyekiti wa chama pale jimboni, Kamaraj katibu. Mwaka 1940 wakabadilishana, yule kijana wa dukani akawa mwenyekiti na mwalimu wake akakubali kuwa katibu wake! Satyamurti alifariki 1943, hakuuona uhuru, na tarehe 15 Agosti 1947 Kamaraj alienda nyumbani kwa marehemu akaipandisha bendera pale. Miaka yote hiyo alikuwa anazunguka, vijiji vya jimbo lile alivijua kimoja kimoja, anajua barabara inaishia wapi, nani mzee wa pale, kisima kimekauka lini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimpelekea shida atakusikiliza mpaka mwisho alafu anajibu neno moja la Kitamil, paarkkalaam, yaani tutaona, na watu waliomzoea wanasema hilo tutaona lake mara nyingi lilikuwa na kazi nyuma yake.

Haya tuje 1954. Waziri kiongozi kabla yake alikuwa Rajagopalachari, watu wanamwita Rajaji, mwanasheria, mtu wa heshima kubwa kwenye harakati za uhuru na kichwa chake kilikuwa hakina mfano. Lakini alifanya kosa ambalo mimi naliona ni kosa kubwa. Mwaka 1953 alileta mpango kwamba watoto wa shule za msingi vijijini wasome saa 3 tu kwa siku, muda uliobaki wakajifunze kazi ya baba zao. Kwenye karatasi unaweza kusema ni elimu ya kujitegemea, hata sisi Tanzania tumekuwa na maneno hayo. Ila kwenye nchi ambayo kazi ya baba ndo tabaka lenyewe, maana yake mtoto wa mgema abaki kugema na mtoto wa dobi abaki kufua. Watu wakawaka, wapinzani wakaandamana, na ndani ya Congress kwenyewe wabunge wakamkimbia. Rajaji akaondoka. Wabunge wa chama wakapiga kura, Kamaraj kura 93, mgombea aliyekuwa anaungwa mkono na Rajaji, C. Subramaniam, kura 41.

Alichofanya baada ya kushinda ndo nawaambiaga wanafunzi wangu wakisome. Alimchukua yule yule Subramaniam aliyemshinda akampa wizara ya fedha na elimu, akamchukua na Bhaktavatsalam aliyekuwa kambi ya upande wa pili. Baraza zima watu 8 na yeye mwenyewe ndani. Na wizara inayosimamia mahekalu ya Wahindu akampa waziri aliyetoka kwenye jamii za wale walioitwa wasioguswa, kwa hiyo makuhani waliokuwa wanawafukuza watu hao mlangoni sasa inabidi wampokee mmoja wao kama mgeni rasmi. Hakutoa hotuba juu ya hilo. Na ule mpango wa saa 3 ukafutwa mwezi uliofuata.

Sasa shule. Serikali yake iliamua kwamba hata kijiji kidogo kipate shule ya msingi karibu, mtoto aende kwa miguu. Shule zilizokuwa zimefungwa zikafunguliwa, mpya zikajengwa maelfu, walimu wakaajiriwa, ada ikaanza kufutwa kidogo kidogo kwa maskini mpaka alipokuwa anaondoka elimu ya bure ilikuwa inafika sekondari. Lakini wakagundua kitu ambacho wewe mwalimu unakijua kuliko mimi: shule ipo, mwalimu yupo, mtoto haji. Kule kuna stori moja inasimuliwa kila mahali, kwamba gari la waziri kiongozi lilisimama pale barabara inapokatiza reli, akaona mtoto anachunga ng'ombe, akamuuliza mbona uko hapa na sio shuleni, mtoto akamjibu nikija shule utanipa chakula? Kama ilitokea hivyo hivyo neno kwa neno mimi sikuwepo, ila jibu la yule mtoto ndo lilikuwa hesabu halisi ya kila kaya maskini, mtoto akichunga anapata mlo, akienda darasani anashinda na njaa.

Usije ukasema kwenye kikao kwamba Kamaraj ndo aliyegundua chakula cha shule, mtu atakusahihisha. Mjini Madras halmashauri ilishaanza kulisha watoto wa shule zake chache tangu miaka ya 1920, enzi ya chama cha Justice. Alichofanya Kamaraj ni kukitoa mjini kukipeleka jimbo zima, na hii ndo ngumu, maana kulisha shule 5 za mjini mtu yeyote mwenye bajeti anaweza, kulisha vijiji ambavyo hata gari halifiki ni habari nyingine. Mwaka 1956 akazindua pale Ettayapuram, na mkono wake wa kulia kwenye kazi hii alikuwa mkurugenzi wa elimu, N. D. Sundaravadivelu, huyu jamaa watu wanamsahau na sio haki.

Nani alilipa? Mwanzoni kabisa walilipa wanakijiji. Serikali haikuwa na fungu, na watu wa hazina walikuwa wanapinga, kwa hiyo wakaanza kwa michango ya hiari, mwenye mpunga analeta mpunga, mwenye kunde analeta kunde, mwenye kuni kuni, mwenye sufuria kubwa anaazima. Ilipoonekana inawezekana, ndo serikali ikaingia na ruzuku mwaka uliofuata, serikali ikabeba sehemu kubwa na wenyeji wakaendelea kubeba sehemu yao. Kuanzia 1961 shirika la CARE la Marekani nalo likaanza kuleta unga wa maziwa, mafuta na nafaka. Pembeni ya hapo Sundaravadivelu alikuwa anaitisha mikutano ya kuboresha shule, kijiji kinakaa, wanaorodhesha shule yetu inakosa nini, paa, madawati, saa ya ukutani, yunifomu, ardhi ya kujengea, alafu mtu mmoja mmoja anasimama mbele ya wenzake anataja atatoa nini, na waziri kiongozi mwenyewe anakuja kuhudhuria. Inasemekana Kamaraj aliwaambia watu yuko tayari kuacha kazi nyingine zote azunguke kuomba omba kwa ajili ya watoto wale wasome. Na yunifomu mwalimu usiidharau, kwenye kijiji cha matabaka watoto wakivaa sare moja na kukaa laini moja wanakula wali wa chungu kimoja, hilo peke yake lilikuwa somo, kuna wazazi wa tabaka la juu walilikataa kabisa mwanzoni.

Mambo mengine ya utawala wake nayapita haraka. Mabwawa ya umwagiliaji, Vaigai, Sathanur, Krishnagiri, Amaravathi na mengine, umeme vijijini kwa ajili ya pampu za wakulima, maeneo ya viwanda kama Guindy pale Madras, kiwanda cha mabehewa cha Perambur, mgodi wa makaa wa Neyveli, kiwanda cha maboila Tiruchirappalli. Vingi vilikuwa hela ya serikali kuu, ila yeye na waziri wake wa viwanda R. Venkataraman, ambaye baadae alikuja kuwa rais wa India, walijua kuvivuta vije kwao.

Na hakuwa malaika, hili nisipolisema nitakuwa nakupa nusu. Mwaka 1956 mzee mmoja mpigania uhuru, Sankaralinganar, alifunga kula pale pale Virudhunagar akidai jimbo liache kuitwa Madras liitwe Tamil Nadu, pamoja na madai mengine. Akakaa siku 76 akafa. Serikali ya Kamaraj haikubadili jina, lilikuja kubadilishwa 1969 na chama kingine. Kila nikisoma habari hiyo naumia, maana ni mtu wa mji wake mwenyewe, na jambo lenyewe halikuhitaji hela. Mwaka 1957 tena kukatokea mauaji ya kijamii kule Mudukulathur kati ya jamii ya Thevar na Dalit, yaani wale walioitwa wasioguswa, polisi wakapiga watu risasi, na mpaka leo kuna familia kule zikisikia jina la Kamaraj hazifurahi.

Sasa 1963, hapa ndo mzee wa kikao chenu alipopaita kuchagua mawaziri wakuu. Congress ilikuwa imechoka, vita na China ya 1962 imewaacha na aibu, chaguzi ndogo wanapoteza. Kamaraj akamfuata Nehru, waziri mkuu wa India, na wazo: viongozi wakubwa tujiuzulu serikalini turudi kwenye chama, tukakijenge upya huko chini. Mtanzania hili halikupi tabu, Mwalimu Nyerere alifanya hivyo hivyo Januari 1962, akamwachia Kawawa uwaziri mkuu akaenda kuijenga TANU. Tofauti ni kwamba Nyerere alirudi Desemba ile ile akiwa rais, Kamaraj hakurudi kwenye kiti cha serikali maisha yake yote. Mpango ule ukaitwa kwa jina lake, mawaziri 6 wa serikali kuu na mawaziri viongozi 6 wa majimbo wakaachia ngazi, akiwemo yeye mwenyewe aliyeondoka tarehe 2 Oktoba 1963. Wabaya wake walisema ile ilikuwa njia ya kumtoa Morarji Desai, waziri wa fedha wa serikali kuu, kwenye foleni ya kumrithi Nehru. Mimi naona yote mawili yalikuwemo, Nehru alikuwa na hesabu zake, ila Kamaraj aliamini alichokisema, maana mtu wa kwanza kupoteza kiti alikuwa ye mwenyewe na kiti chake kilikuwa imara kuliko vya wenzake wote.

Akawa mwenyekiti wa Congress taifa. Nehru akafariki Mei 1964, Kamaraj akapita kwa kiongozi mmoja mmoja, mbunge mmoja mmoja, anauliza, anasikiliza, mwisho akatangaza jina ni Lal Bahadur Shastri, na Desai akakubali bila kura. Shastri akafariki Tashkent Januari 1966. Wengine wakamwambia Kamaraj chukua wewe. Inasemekana aliwajibu nitaongozaje nchi hii mimi bila Kihindi wala Kiingereza. Safari hii Desai akakataa kujitoa, wakapiga kura, Indira Gandhi, binti wa Nehru, 355, Desai 169. Kwa hiyo ndio, mawaziri wakuu wawili.

Sasa kushindwa kwake. Hapa mwalimu ndo wengi wanaelezea vibaya, wanasema watu wa Tamil Nadu hawakuwa na shukrani. Mimi sikubali.

Alipoondoka jimboni alimwachia Bhaktavatsalam, mtendaji mzuri lakini mgumu, hana sikio la Kamaraj. Katiba ya India ilikuwa imesema miaka 15 baada ya 1950 Kihindi ndo kitakuwa lugha rasmi ya serikali kuu, yaani siku yenyewe ni 26 Januari 1965. Kwa kijana wa Kitamil ambaye ndo kwanza kaingia chuo, hiyo ilimaanisha mitihani ya kazi za serikali atashindana na mtu anayefanya kwa lugha ya mama yake. Vyuo vikalipuka, watu wakajichoma moto, polisi wakapiga risasi, kwa hesabu ya serikali peke yake walikufa watu kama 70. Kamaraj binafsi hakutaka Kihindi kilazimishwe, lakini alikuwa mwenyekiti wa chama kinacholaumiwa, yuko Delhi, na aliyekuwa anaamuru polisi jimboni ni serikali aliyoiacha yeye. Alafu ikaja ukame na uhaba wa mchele, foleni kila mahali. Chama cha DMK cha Annadurai kikaja na ahadi inayoimbika kabisa kwa Kitamil, kwa rupia moja vipimo vitatu vya mchele ndo shabaha yetu, kipimo kimoja ndo uhakika. Mama wa nyumbani anayepima mchele kwa kibaba huhitaji kumfafanulia.

Na kuna hesabu ya kura pia ambayo watu wanaisahau. Mwaka 1967 Congress ilipata karibu asilimia 41 ya kura, DMK peke yake nayo karibu hiyo hiyo. Ila DMK walikuwa wameungana na wengine, mpaka Rajaji yule yule wa mwaka 1954 aliyekuwa ameshaanzisha chama chake, kwa hiyo kila jimbo la uchaguzi wapinzani walisimamisha mtu mmoja. DMK viti 137 kati ya 234, Congress wakabaki na kama 50. Na Virudhunagar, Kamaraj akiwa ameumia kwenye ajali wakati wa kampeni, akaangushwa na P. Seenivasan, kijana aliyekuwa mmoja wa viongozi wa wanafunzi kwenye vurugu zile za lugha. Tofauti kura 1,285.

Sasa fikiria mwalimu. Kijana wa miaka 20 na kitu mwaka 1967, mwaka 1954 alikuwa mtoto wa shule. Kile kizazi kilichojaza vyuo, kinachosoma magazeti, kinachojua Katiba inasema nini kuhusu lugha, kwa sehemu kubwa ni watoto walioingia darasani wakati wa Kamaraj. Aliwafungulia mlango, wakasoma, wakafika mahali wakadai kitu ambacho chama chake hakikuwapa. Hiyo mimi siiiti kukosa shukrani. Kosa lake ninaloliona mimi ni lile la 1963, alidhani chama kinaweza kuwa na masikio hata yeye akiwa mbali, na kumbe masikio yalikuwa ya kwake binafsi. Tangu 1967 Congress haijarudi kuongoza serikali ya jimbo lile.

Baada ya hapo alirudi bungeni Delhi kupitia Nagercoil kwenye uchaguzi mdogo wa 1969, chama kikapasuka mwaka huo huo yeye akiwa upande wa wazee dhidi ya Indira, yule yule aliyemsimika. Akashinda tena Nagercoil 1971. Juni 1975 Indira akatangaza hali ya hatari, marafiki zake wa miaka mingi wakatupwa ndani, na yeye akafariki usingizini Madras tarehe 2 Oktoba 1975, siku ya kuzaliwa Gandhi, miaka 12 kamili tangu aachie serikali. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Wanasema alikutwa na rupia 130, mashati 4, nguo 4 za kufunga kiunoni, jozi 2 za kandambili na vitabu. Mama yake aliishi Virudhunagar kwenye nyumba ile ile ndogo, mwanae akimtumia hela ya matumizi kila mwezi, na kuna habari inayosimuliwa sana kwamba halmashauri ilimvutia mama bomba la maji mpaka ndani, Kamaraj alipojua akaamuru liondolewe akachote na wenzake. Mwaka 1976 serikali ikampa nishani ya Bharat Ratna, ile ya juu kabisa.

Chakula hakikufa naye. Mwaka 1982 waziri kiongozi M. G. Ramachandran alikipanua sana na kukiingiza kwenye bajeti ya serikali kwa nguvu, na tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama ya Juu kabisa ya India ikaamuru majimbo yote yawape watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa. Na 15 Julai, siku aliyozaliwa, shule za Tamil Nadu zinaiadhimisha kama siku ya maendeleo ya elimu.

Kwa kikao chenu kijacho mwalimu, mimi ningeanza na kile kiganja cha mchele. Usiwaambie wazazi gunia, gunia linatisha na mwenye shamba dogo anajiona kaachwa. Waulize kiganja au kikombe kwa siku kwa kila nyumba kinawezekana au hakiwezekani, nani atapita kukusanya, kitawekwa kwa nani, na daftari atalishika nani ambaye kijiji kizima kinamwamini. Alafu mkishakuwa na miezi mitatu ya kupika bila kukatika, pelekeni hilo daftari halmashauri mkaombe nao waweke sehemu yao, maana hata kule Madras hela ya serikali ilikuja baada ya moto kuwa umeshawashwa. Na mchango wa kila mtu utajwe mbele ya wenzake, kama walivyofanya kwenye ile mikutano ya Sundaravadivelu. Nitashukuru ukinijulisha walisemaje.